Muulize Somo: Nimetundikiwa ufagio mlangoni

Somo, assalamu alaikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Kwa miaka 9 niliuza leso Biashara Street. Nikikishika kitambaa najua kama kitachuja rangi, na hakuna mteja wa jumla, awe wa Malindi au wa Lamu, aliyewahi kunipunja kwenye hesabu ya korja. Nakutajia haya ujue kwamba hukuandikiwa na mtoto, maana tangu nifike huku Ujerumani, miezi mitatu sasa, najiona mtoto.

Mume wangu yuko nchi hii mwaka wa nane, lakini miaka yote hiyo alikuwa kaskazini, akikaa chumba kimoja na wanaume wenzake. Nilipopata viza alitafuta kazi nyingine na fleti, ndipo tukaja mji huu mdogo karibu na Stuttgart. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, mchana analala. Nyumba yetu ina familia sita. Kabla ya kuja nilisoma Kijerumani Nairobi, nikafaulu mtihani wa A1, nikajiona nimeshamaliza. Nilifundishwa kusema "Guten Tag". Hapa bibi wa mlango unaotazamana na wetu akinikuta ngazini husema "Grüß Gott", kisha huendelea na maneno ambayo kitabuni mwangu hayamo.

Wiki ya kwanza niliambiwa kuwa chupa za maji za plastiki hazitupwi, zinarudishwa dukani na unalipwa. Nikasema hili naliweza. Nikakusanya saba, nikazibandua karatasi, nikaziosha kwa sabuni na maji moto, nikazianika, vile tunavyotayarisha chupa za kutilia achari. Nikaenda nazo supamaketi. Nikaingiza ya kwanza kwenye tundu la mashine, ikazungushwa, ikarudishwa. Nikaigeuza, nikaitia matako mbele. Ikarudishwa. Ya pili vilevile. Nyuma yangu watu wanne, mmoja ana kreti la bia, na hakuna aliyesema neno. Ule ukimya wao ndio ulionimaliza. Nikazikumbatia chupa zangu, moja ikaniponyoka, ikabiringika mpaka kwenye viazi. Nikaiacha hapo nikatoka. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Chupa tu, mke wangu? Hata chupa?" Tangu siku hiyo sijaenda dukani peke yangu. Na hata nikienda naye, keshia huvisukuma vitu kama anayekimbizwa, mimi bado natafuta mdomo wa mfuko.

Taka nazo zina mapipa manne. Siku moja nilikuta karatasi imegandishwa mlangoni, imeandikwa kwa mkono. Nikaipiga picha, simu ikanitafsiria: "Jirani mpendwa, tafadhali usitie plastiki kwenye pipa la mabaki ya chakula." Jirani mpendwa! Ananikejeli pia.

Lililonitoa machozi lilikuja mwezi uliopita. Jumapili jioni nafungua mlango, nakuta kitasani pametundikwa kibao cha mbao chenye picha ya ufagio na neno "Kehrwoche". Nikatazama milango mingine, haina kitu. Ni wangu peke yake. Somo, mimi nimelelewa na mama asiyekubali nyumba ilale na chombo kichafu, leo nimetundikiwa ufagio watu wote waone! Nikakitoa upesi kabla mume wangu hajaamka, nikakificha kwenye droo ya jikoni. Sasa wiki ya tano. Majirani wanasimama ngazini wakinong'ona na kutazama mlango wetu, na mimi nachungulia tundu la mlango mpaka wapite ndipo nitoke.

Ndani ya droo hiyo ndimo zilimo pia barua zinazokuja kwa jina langu, zimefika kama kumi na moja, nitamwonyesha mume wangu akipata nafasi.

Mamangu hunipigia video kila Ijumaa. Namwambia ni raha mustarehe. Somo, akili zangu nimezisahau Mombasa? Au kuna watu ambao hawakuumbiwa kuhama, na bora nimwombe mume wangu anirudishe?

Mwenye Kibao, karibu na Stuttgart


SOMO ANAJIBU

Waalaikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, ile chupa iliyokimbilia kwenye viazi naiona kwa macho yangu. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilihesabu mistari. Chupa umezipa aya nzima, kibao nacho aya nzima, na barua kumi na moja ambazo hukuzifungua umezitaja kwa sentensi moja, mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Basi mimi naanzia hapo.

Kwetu jambo la maana huja kwa simu. Karo ya mtoto, msiba, harusi, bili ya umeme, yote ni simu au ujumbe wa M-Pesa. Barua ya karatasi, kama ipo, inakaa kwenye S.L.P. ya mtu mwingine mpaka apite posta. Tumekua tukijua kwamba asiyepiga simu hana haraka. Ujerumani ni kinyume kabisa. Ofisi haitakupigia. Itakuandikia, na barua ikishaingia kwenye sanduku lako inahesabiwa kwamba umeipata, uifungue usiifungue. Siku za kujibu zinaanza kukimbia hapo hapo, na aghalabu ni wiki mbili au mwezi mmoja.

Nilijifunza hili vibaya. Nilipohamia Hamburg, miaka mingi nyuma, nilikaa wiki kadhaa bila kupata barua hata moja nikadhani nimesahauliwa, nikafurahi. Kumbe sandukuni palibaki jina la mpangaji wa zamani, na tarishi wa huko hatazami namba ya chumba, anatazama jina. Asipoliona anarudisha. Siku nilipobandika jina langu zilianza kuja za ukumbusho, moja ina faini. Kwa hiyo wewe, hata kwa kufikiwa na barua kumi na moja, umenitangulia.

Leo usiku mumeo akienda kazini, vuta hiyo droo, mwaga kila kitu mezani. Fungua zote. Zipange kwa tarehe iliyoandikwa juu, siyo kwa ukubwa wa bahasha wala kwa ile inayotisha. Ukikuta bahasha ya njano, usiitupe bahasha yenyewe hata ukishatoa karatasi, maana tarishi ameandika juu yake siku aliyoileta, na hesabu ya siku zako inaanzia hapo. Hiyo ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Zilizobaki zipige picha uzisome kwa simu yako, ileile iliyokusomea ujumbe wa jirani.

Naweza kubahatisha utakachokuta. Kutakuwa na moja yenye namba ya tarakimu 11. Hiyo ni namba yako ya kodi, hutumwa kwa kila anayejiandikisha manispaa. Haidai kitu, ihifadhi na pasipoti, siku utakapopata kazi mwajiri ataiulizia. Bima ya afya huenda imekuomba picha ya kubandika kwenye kadi yako. Hata kama hulipi chochote kwa kuwa uko chini ya bima ya mumeo, kadi ni yako na picha ni yako. Usiache mpaka siku ya kuumwa jino.

Halafu kuna ile inayowatisha wageni wote, ya ada ya redio na televisheni ya umma. Huja mara mbili tatu, na kila inaporudi sauti imepanda. Wanawake wengi huniandikia, "Somo, mimi sina hata televisheni!" Haijalishi. Ada ni euro 18.36 kwa mwezi, na inalipwa na nyumba, haihesabu vichwa wala televisheni. Ikiwa mumeo anailipia fleti hiyo, unachotakiwa ni kuwajibu kwamba nyumba inalipiwa, uwape namba yake ya malipo, basi yamekwisha. Ukinyamaza watakuandikisha wenyewe, na bili zitakuja kwa jina lako.

Na pengine mojawapo ni ya ofisi ya wageni, inakutaka uende kozi ya kukaribishwa nchini. Ni saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya huko. Kama ipo, iweke juu kabisa. Nenda upesi. Utakutana na wanawake wa Siria, wa Ukraine, wa Eritrea, kila mmoja ana chupa yake iliyomkimbia.

Ikikushinda barua, usisubiri mumeo "apate nafasi". Mtu wa kazi ya usiku hapati nafasi, anapata usingizi. Caritas na Diakonie, mashirika ya misaada ya makanisa, na Msalaba Mwekundu wana washauri wa wahamiaji, bure, na hawakuulizi dini yako. Unapiga simu unaomba miadi, unakwenda na mfuko wako wa barua, mnakaa mnazisoma pamoja. Lakini mumeo mwambie kwamba droo ipo. Usimwambie kwa kuomba msamaha, mwambie kama mwenzako wa duka: barua ni hizi, hizi nimezimaliza, hizi mbili tuzijibu wote. Huyo bwana nina neno naye pia. Kucheka amecheka, sawa, hata mimi nimecheka. Lakini miaka minane kaskazini na kibao kile huenda hata yeye hakijui, na mkataba wa nyumba ameutia saini yeye.

Sasa kibao.

Mwanangu, umelelewa Majengo. Nyumba yenu ilikuwa ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa wote, au sivyo? Nani alikuwa akifagia uani? Nani alikuwa akiosha choo? Kila chumba kwa wiki yake. Na mpangaji akijifanya kasahau, ufagio ulikuwa unaegemezwa wapi?

Mlangoni pake.

Basi hicho ndicho kibao. Kehrwoche ni wiki ya kufagia. Ni zamu. Watu wa upande huo wa Ujerumani wanaiendea kama ibada, na Wajerumani wa kwingine huwacheka kwa hilo. Mji wa Stuttgart uliwaamuru wakazi wake kuondoa uchafu wao kila wiki tangu 1492, yaani karne moja kabla ya Wareno kuanza kuijenga Fort Jesus. Hukutangazwa mchafu. Umetundikiwa kwa sababu mwenzako amemaliza wiki yake, na sasa umehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba.

Tatizo ni kwamba umekificha. Kibao kinatakiwa kitembee, mlango hadi mlango. Kimeingia kwako wiki tano zilizopita hakijatoka, na familia tano hazijui zamu ni ya nani. Ndiyo minong'ono ya ngazini. Hawajadili usafi wako, wanajadili kibao chao kimekwenda wapi! Na hawajakugongea kwa sababu wanaona haya, kama wewe.

Fanya hivi. Jumamosi asubuhi fagia ngazi kutoka mlangoni pako mpaka ghorofa ya chini yako, kisha piga deki. Pitisha kitambaa pale watu wanaposhikia, na kwenye kizingiti cha dirisha la ngazini, ambacho wageni wengi hukisahau na mabibi hukitazama kwanza. Iwe Jumamosi, maana Jumapili ni siku ya utulivu na ndoo inayogongagonga ngazini haitakupatia rafiki. Soma pia karatasi ya kanuni za nyumba iliyoambatanishwa na mkataba, uone kama zamu yenu ni ya ngazi tu au kuna zamu kubwa, ya nje, ya njia ya miguu mbele ya nyumba. Wakati wa theluji huenda hiyo kubwa ndiyo ya kuizoa asubuhi na mapema kabla watu hawajateleza.

Ukimaliza, chukua kibao ukagonge kwa yule bibi wa mkabala. Kijerumani utakachohitaji ni kidogo, na umeshafaulu mtihani mgumu kuliko huo: "Das habe ich nicht gewusst." Hili sikulijua. Muonyeshe kibao, muulize kinakwenda mlango gani. Halafu mwache aongee. Hutaelewa nusu, lahaja yao hata Wajerumani wa Hamburg inawatoa jasho, lakini atakunyooshea kidole, na kidole hakina lahaja.

Wapo watakaokwambia umpelekee mahamri. Mimi nasema bado. Mahamri ya siku ya kwanza yataonekana ni fidia. Mpelekee ngazi safi kwanza, mahamri wiki ya pili, yakiwa ya moto.

Na ule ujumbe wa mlangoni sioni kejeli ndani yake. "Jirani mpendwa" ni mwanzo wa barua tu, kama wewe ulivyoniandikia "assalamu alaikum" kabla ya kunimwagia mashaka yako. Wao huandika karatasi wanapokosa ujasiri wa kugonga. Mfuko wa plastiki kwenye pipa la mabaki ya chakula ni kosa la kila mgeni, na hata ile mifuko ya kijani inayodai kuoza wilaya nyingi huikataa. Mabaki ya wali na maganda yafunge kwa gazeti. Na hiyo "Grüß Gott" asili yake ni kukuombea salamu za Mungu. Mwenzio anakusalimia kwa dua, wewe unamchungulia kwenye tundu!

Chupa sasa. Mashine inasoma alama iliyo kwenye karatasi. Wewe ulizibandua zote kwa mikono yako, ukaziosha zikang'aa, mashine ikaona plastiki isiyo na jina. Siku nyingine zipeleke kama zilivyo, na karatasi zake, hata zikiwa na tone la soda ndani. Usizikanyage wala kuzikunja. Kila moja ni senti 25, hizo za glasi za bia huwa senti 8. Ukimaliza unabonyeza kitufe, mashine inatema kirisiti, unampa keshia. Kirisiti usikisahau kwenye pochi wiki tatu kama mimi. Mitungi ya jemu haimo kwenye hesabu hii, hiyo inapelekwa kwenye makasha ya glasi ya mtaani, nyeupe kwa nyeupe, kahawia kwa kahawia, kijani kwa kijani, na siyo Jumapili.

Kwa keshia usishindane. Nyumbani kuna kijana wa kukutilia mfukoni, huko hayupo, na kasi ile ya keshia si hasira, ndiyo kazi yake. Panga vitu vizito mbele kwenye mkanda, mayai na mkate nyuma. Akishapitisha, rudisha kila kitu kwenye kitoroli vilevile ovyo, lipa, sogea. Mbele, karibu na dirisha, mara nyingi pana ubao mrefu. Pale ndipo pa kufungulia mfuko na kupanga kwa raha zako.

Umeniuliza kama akili umezisahau Mombasa. Niambie, siku ya kwanza Biashara Street ulijua korja ni leso ngapi? Kuna mtu alikuonyesha. Ulisimama nyuma yake, ukakosea, akakuguna. Na siku ya harusi yako ulipewa somo akukalishe akueleze nyumba inavyokwenda, hukuachiwa ugundue mwenyewe. Huko ulikofika umeingia nyumba mpya bila somo, na mumeo hivyo hivyo. Mimi niko mbali na mji wenu. Aliye karibu ni yule wa mkabala, mwenye kalamu na gundi.

Kurudi, siwezi kukuamulia. Ila swali hilo usilijibu ukiwa umejifungia ndani na droo imejaa. Limalize hilo la droo, kamilisha zamu mbili tatu, halafu ukitaka kurudi niandikie tena, tutazungumza kama wanawake wazima.

Mama yako Ijumaa hii mwambie ya chupa. Mwanzo mpaka mwisho, na viazi vyake. Kwa namna ulivyoniandikia mimi, atacheka mpaka simu imwanguke.

Zile sita zilizobaki, ambazo hazina karatasi, mashine haitazikubali tena. Zimeshaoshwa, usizitupe. Tafuta ukwaju, maduka ya Wahindi ya Stuttgart hayakosi, tengeneza maji ya ukwaju uyaweke kwenye friji. Mumeo akirudi asubuhi mpe moja.

Somo